Mgunga Wako Umefika Iftin

Hooyo wangu,

Hata mwalimu wangu wa Kiswahili alishindwa kunifanya nikuite Mama. Alisahihisha mpaka akachoka, nami nikarudia tu: Hooyo. Basi leo nakuandikia kwa Kiswahili hiki cha shule, kile ulichokuwa ukikicheka na kusema kinanifanya nisikike kama karani wa serikali, ila jina lako nimeliacha lilivyo. Nina habari mbaya, na sioni mwingine wa kumpelekea.

Unakumbuka mara ya mwisho ulipokuja kwangu Iftin, hapa Garissa? Ulishuka kwenye lori la mbuzi, ukakataa kiti, ukataka mkeka. Kesho yake ulizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kijiti cha mswaki, ukarudi na mwiba kisiginoni. "Mti gani huu usiojua salamu?" uliniuliza. Nikakueleza kwamba ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa zamani kuzuia jangwa, na kwamba sasa umekula malisho yote mpaka mtoni, na mbuzi wanaotafuna maganda yake matamu wanaoza meno. Nikakuchokoa mwiba kwa sindano. Kisha ukasema mgunga wako ungekuwa na miguu ungekuja kuufukuza mjini.

Mgunga wako ule nje ya Hadado kwetu, ambao ulinizaa chini yake mvua ikinyesha. Kila asubuhi uliokota kijiti chake kikavu, ukakiwasha, ukatia kinga lake la moto ndani ya haan, chombo chetu cha kusuka cha maziwa, ukakitikisa mpaka moshi ukaingia kwenye nyuzi zake. Hapo tu ndipo ulipomwendea ngamia kumkamua. Maziwa yetu yalinukia moshi ule, na shuka lako vilevile, na viganja vyako. Siku moja Abdi, mdogo wangu, alivunja tawi bichi kwa uvivu tu, ukamchapa mkono. "Lililokauka ni letu," ulimwambia. "Bichi ni la Mungu." Alilia mpaka ukamnywesha maziwa ya kumbembeleza.

Ulipofariki tulikuzika karibu na mti huo, upande ambao kivuli cha alasiri kingekufikia. Wakati wa kurudi Garissa nilihesabu visiki vya migunga njiani mpaka nikaacha. Malori ya makaa yalitupita, yamejaa hadi juu. Nilikuwa nimemaliza kukulilia wewe, nikaanza kuililia migunga, na wenzangu kwenye lori wakadhani bado ni wewe.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kama watu lazima wapike, na wapike kwa mathenge. Tukate mti unaotuua ili tuuache ule unaotulisha. Mimi na wajane wawili wa jirani tulinunua pipa kuukuu, tukajifunza kuchoma makaa bila kuyageuza majivu. Ungenicheka, Hooyo, binti yako msomi akiwa na masizi mpaka kwenye kope. Kila gunia tulilishona mdomo kwa uzi wa kijani, rangi ya shuka lako la Ijumaa, na wanaolinda vizuizi barabarani wakaujua mshono ule. Makaa ya mathenge yana ruhusa, ya migunga yamekatazwa, kwa hiyo gunia la uzi wa kijani lilipita bila maswali.

Soko halikutupokea kwa ngoma. Mama Njeri, mfanyabiashara kutoka bara mwenye duka karibu na kwangu, ndiye aliyekubali kutuuzia. Mzee mmoja mwenye hoteli alikuwa akimjia juu kila wiki: "Hii makaa yako nabasuka basuka, hapana fizuri!" Mama Njeri alimjibu kwa upole kwamba yanapasuka ndiyo, lakini yanaivisha chai. Polepole wateja wakazoea. Nilianza kutembea kichwa juu, Hooyo. Nilikuwa nikipita kando ya visiki na kuviambia kimoyomoyo kwamba sasa basi.

Kisha mvua zikatunyima, msimu baada ya msimu. Idd iliyopita Abdi alikuja kwangu amekonda, macho yameingia ndani. Ngamia wako wote wamekwisha. Hakuomba kitu ila magunia matupu, ya kubebea chakula cha mbuzi waliobaki. Nikampa. Nikampa na kibunda cha uzi wa kijani, ayashone vizuri, chakula kisimwagike njiani.

Baada ya Idd, binti yangu Hodan aliugua, nikakaa naye nyumbani. Pipa lilipoa na sikupeleka gunia hata moja dukani. Siku nilipotoka, Mama Njeri aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, uso wote furaha.

"Mama Hodan! Hii makaa yenu mpya imeweza! Inashika mpaka jioni. Hata yule mzee wa hoteli amenyamaza. Kwani mlibadilisha nini?"

"Nani alileta?"

"Si ndugu yako? Alishusha na lori ya mbuzi."

Nilibeba gunia moja mpaka nyumbani. Mshono ulikuwa wa kijani, umepinda kama Abdi anavyoshona. Nikampigia simu. Hakukana.

"Abaayo, dada yangu, ngamia wameisha," alisema. "Watoto hawali kivuli."

Nikamuuliza amekata miti gani. Akasema mingi. Nikamuuliza, na wa Hooyo je? Nikawasikia mbuzi wakilia upande wake.

"Huo ndio uliokuwa umebaki," akasema.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na mimi siwezi kumlaani mtu aliyelisha watoto wake. Nimejaribu, imeshindikana. Kinachonimaliza ni kwamba bila uzi wangu lori lile lisingevuka kizuizi cha kwanza. Nilifungua njia ili mathenge upite, ukapita wewe. Wale wajane wananiuliza tunawasha pipa lini, nami nawapiga chenga. Mathenge nao hausubiri, umeshafika kwenye ua wangu na unachungulia dirishani. Nimekata tamaa, Hooyo. Nalisema wazi kwa sababu hapa kila mtu ananiambia nishukuru Mungu, na ninamshukuru, lakini tamaa nimeikata.

Gunia lile nililiweka nyuma ya mlango. Nilitaka kulirudisha Hadado nikaumwage mti wako pale ulipokuwa. Sikumwambia Hodan. Asubuhi ya leo, nikiwa bado kwenye mswala, aliona jiko halina kitu, akalifungua gunia, akaniwashia moto wa chai. Abdi alichoma kwa haraka, vipande vingi havikuiva, ndani bado ni mti. Vikatoa moshi. Ukaingia chumbani, ukanikuta nimeinamisha kichwa, na kwa muda nikawa nakusikia unamwita ngamia kwa jina.

Nilitoka nje nikamkuta amenimiminia kikombe. Mtoto huyu hakuwahi kuonja maziwa yako. Akapuliza chai yake, akanywa, akatabasamu.

"Hooyo, ya leo inanukia vizuri. Haya ni makaa gani?"

Nilikaa kwenye mkeka wako, nikanywa kikombe chote, na machozi yakaingia humo humo. Akaniuliza kama na kesho tutakunywa kama hiyo. Nikatazama gunia. Bado limebaki nusu, Hooyo, na baada ya hapo hutanukia tena popote duniani.

Lala salama kwenye mchanga wako. Jua la alasiri likikuchoma, nisamehe.

Binti yako, uliyemzaa mvuani