Feni Isiyozunguka

Jumanne, 4 Machi
Gari limerudi kutoka gereji kwa mjomba, eti limepona. Kwenye foleni likapuliza hewa ya moto kama tanuri! Mdogo wangu hatoki jasho — kazaliwa hivyo, daktari alishasema joto linaweza kumwangusha — kwa hiyo kwake AC si anasa. Njia nzima tunamlowesha fulana. Kwa kulowa huko, mwenyewe anajiita Bata. Leo Bata hakutania. Alifika shule amelegea, macho mekundu. Baba kasema lisipotengemaa kabla ya Jumatatu, Bata hafanyi mitihani inayoanza siku hiyo, atarudia darasa. Na mjomba alichofanya ni kuongeza gesi ya AC. Mara ya pili!

Jumatano, 5 Machi
Nimechunguza. Likienda, baridi. Likisimama kwenye taa, joto. Likiondoka, baridi tena. Kama gesi imeisha, imejuaje taa ni nyekundu? Nimesoma kitabu cha gari, Kiingereza kitupu: kuna feni ya mbele, ya kupoza gesi gari likikosa upepo wa mwendo; AC ikiwaka lazima izunguke. Yetu imetulia kama picha ukutani.
Sijamwambia mtu. Darasani, kwa Kiingereza, nabishana hata na mwalimu. Kwa mjomba kila sentensi inaanza na shikamoo na inaishia hapo hapo. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Gereji, mimi na Mama. Mjomba hatumii geji ya kupimia gesi. Anashika bomba kwa kiganja, anafumba macho, anatoa hukumu: gesi. Ya tatu! Nilimwandikia kikaratasi kuhusu feni, nikakiacha kwenye usukani, nikajificha nyuma ya gari. Akakisoma kwa sauti. Mafundi wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tairi. Sasa naitwa Injinia wa Makaratasi.
Mama naye alicheka. Mama! Eti kaka yake alishika spana kabla mimi sijazaliwa. Sasa hiyo spana imemfundisha nini miaka yote hiyo?
Nilisema ni vumbi limeniingia machoni.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi Baba alitutoa kulijaribu gari. Foleni, dakika kumi tu, Bata akatapika. Tukarudi nyumbani, mjomba akaitwa. Akaja na — mtungi wa gesi.
Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Shikamoo mjomba, weka mtungi chini. Washa AC, uangalie feni."
Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi, lakini ilitoka.
Feni, kimya. Akachukua waya, akaiunga moja kwa moja na betri. Ikazunguka! Akafuta mikono, akasema taratibu kwamba feni alikuwa anaishuku tangu Jumanne. Mwongo! Na baridi bado ni ya kusuasua, maana gesi aliyojaza mara tatu imezidi. Inataka mashine ya kuipunguza, na mjomba hana. Fundi wa mtaa wa pili anayo. Mjomba anadai ataipunguza kwa mkono, anajua. Mama anasema tusimwaibishe kwa mtu baki.
Halafu Baba, ambaye hajawahi kuniuliza hata rangi ya pazia, akanigeukia mbele ya wote: "Mwanangu, wewe ndiye umeona. Tumwachie mjomba wako, au twende kwa yule?"
Nikaomba kwenda chooni.
Niko chooni. Daftari magotini. Jibu ninalo.
Mama yuko mlangoni, ananong'ona.
"Mwanangu, kaka yangu ni mmoja tu."
Na mimi mdogo wangu ni mmoja tu. Nimeshika komeo. Natoka kuwaambia twende kwa yule.