Kisigino cha Mjukuu na Beseni la Maji

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha nyuma, karibu na ndoo za kufulia.
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa mdogo wangu Makaa,

Neno hilo la kwanza nimeliandika kwa sababu shuleni tulifundishwa kuwa barua huanza hivyo. Usivimbe kichwa.

Hujambo? Mgongo je? Na mdomo, umepumzika au bado unafanya kazi zamu mbili? Shemeji yangu hajambo? Mpe pole. Mimi ni mzima, kikohozi kimenitoka, jino la mwisho la upande wa kushoto nalo limeniaga, na magoti yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Haya, salamu zimekwisha. Sasa tugombane.

Nimenunua bahasha kwa sababu simu yangu hupokei. Ukiona ni mimi unakata. Za wengine unapokea, tena unawapigia mwenyewe, maana tangu uondoke hapa wiki mbili zilizopita nimeshaulizwa na binamu wawili, na hata na yule wifi yako asiyeongea na mtu, eti kwa nini nilimfukuza dada yangu kwa ajili ya beseni la maji. Mimi nimfukuze nani? Begi ulilifunga mwenyewe, ukalikalia ili zipu ikubali, ukaondoka bila kumaliza chai. Chai niliinywa mimi. Haikuwa na sukari, kama wewe.

Na sasa umemtuma shemeji aniambie hukanyagi hapa mpaka binti yangu akuombe radhi. Nimecheka mpaka kikohozi kikarudi.

Tukumbushane, maana kwenye masimulizi yako wewe huwa malaika. Siku ile kitovu cha mtoto kilikuwa kimeshadondoka na pale mahali pamekauka, na binti yangu akasema leo mwanawe anaogeshwa kwenye beseni kwa mara ya kwanza, si kufutwafutwa na kitambaa tena. Ukajitia mbele. "Mpisheni fundi," ukasema. Fundi wa nini? Wewe na mimi tumeishi miaka thelathini na ushee mbele ya tanuri la mikate la baba. Viganja vyetu vimekuwa soli ya kiatu. Umesahau tulivyokuwa tukishindana kushika trei ya moto bila kitambaa, atakayeachia kwanza afagie unga? Wewe ulikuwa huachii. Ndiyo maana ukaitwa Makaa. Kiganja hicho ndicho ulichokitumbukiza kwenye maji ya mtoto wa wiki mbili, ukatangaza kwa sauti ya daktari mkuu: "Baridi hii! Mnataka kumtia mtoto mafua?"

Maji yakaongezwa. Kisigino kikayagusa. Ulisikia mlio ule. Fundi cherehani wa jirani alisimamisha mashine. Binti yangu akamnyakua mwanawe, akatia kiwiko majini, akakitoa kama aliyeumwa na nyuki. Ndipo akakuambia, "Shangazi, unaogesha mtoto au unachemsha viazi?"

Ni kweli ana mdomo. Kautoa wapi? Kwa shangazi yake. Nawe ukamjibu kwamba umeogesha watoto kabla yeye hajazaliwa. Naam, umeogesha. Wanao wote watatu hawapendi kuoga mpaka leo. Sasa tumejua sababu.

Halafu nasikia unauliza watu wote habari za kisigino isipokuwa sisi wenye kisigino. Basi sikia. Mama yake alikiweka chini ya maji ya bomba papo hapo, akampeleka kliniki, muuguzi akakiangalia, na wekundu ukaisha kabla ya jioni. Hana alama. Anapiga mateke kama punda. Ungepiga simu hapa ungejua siku ile ile, wala usingewasumbua binamu.

Siku hizi yule muuguzi ametupanga kama wanajeshi. Dirisha linafungwa kwanza, upepo usimkute mtoto yuko wazi. Taulo na nguo zinakaa mkono unapofika, kwa sababu akishaingia majini haachwi hata kufumba na kufumbua, hata agonge mlango nani. Maji baridi yanatangulia, ya moto yanafuata, siyo kinyume chake. Na yawe vidole vinne tu, hatuchimbi bwawa. Kisha kiwiko. Siyo kiganja, kiwiko! Mkono mmoja unabeba shingo na kichwa, mwingine unaosha. Uso hautiwi sabuni. Dakika chache, nje. Umeelewa, fundi?

Sasa hapa vaa miwani vizuri.

Nimekukasirikia wiki mbili nzima, na kila nikikasirika naona kopo. Lile la bluu. Maji niliyachanganya mimi. Nilimimina ya moto kwanza, nikayaongezea ya baridi kidogo, nikatia kiganja changu nikasema, "Safi." Na wewe uliposema baridi, nani aliongeza? Mimi, kopo zima, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria iliyokuwa inatokota. Binti yangu alikuwa anamvua mtoto nguo, ametupa mgongo, hakuona. Alipoanza kukupayukia kopo lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikalipeleka nyuma. Wewe ukanitazama. Mimi nikatazama dari, kana kwamba bei ya unga imeandikwa pale.

Na wewe, mwanamke wa mdomo kama tarumbeta, umewaambia watu nimekufukuza, umewaambia mimi mchoyo, umewaambia nakoroma hata nikiwa macho, lakini la kopo hukumwambia mtu. Hata mmoja. Nimewachunguza wote. Nani alikuomba unifichie? Unaniudhi sana. Ungenitaja siku ile tungegombana vizuri, yakaisha. Badala yake kila nikinywa chai kopo liko rafuni linanitazama.

Jumapili nikamwambia binti yangu. Alikuwa anafuta beseni. Akalifuta tena lote, ndani na nje, mpaka nikatamani apayuke. Kisha akasema, "Baba, tia mikono mfukoni." Nikatia. "Ibaki humo mpaka mtoto aanze shule." Nikasema basi nitapima kwa kiwiko, akajibu hata hicho hakiamini, ni ndugu wa kiganja. Kwa hiyo mimi nawe tumefukuzwa kazi pamoja, ila wewe barua yako ya kufukuzwa ndiyo hii.

Kwa alivyopayuka atakuomba radhi, amesema mwenyewe. Kwa maji haombi. Ya maji nakuomba mimi. Nimeshasema, usiusome mstari huu mara mbili, wala usimsomee shemeji.

Kazi niliyobakiziwa ni taulo. Mtoto akitoka majini mama yake hana mkono wa ziada, lazima taulo iwe imetanuliwa tayari. Ni pana, na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Pembe ya kulia naishika, ya kushoto inaniponyoka inaburuta sakafuni, na mtoto anangoja maji yakimdondoka huku mama yake akinitaja kwa majina ambayo sikubatizwa nayo. Pembe ile inahitaji mtu. Kushika taulo hakutaki kiganja kinachosikia moto. Kunataka mtu asiyeachia, na mimi namjua mmoja tu, bahati mbaya.

Saa ya kuoga ni saa nne asubuhi. Begi lisiwe kubwa, zipu yako tumeiona.

Msalimie shemeji sana. Mtu wa subira vile angekuwa mfalme mahali fulani. Wasalimie wale wanao watatu, waambie waoge. Binti yangu anakusalimu, kwa kifupi. Mjukuu naye amesema nikupige teke kwa niaba yake. Mungu akulinde njiani, akunyooshee mgongo, na hapo kwenye mdomo afanye awezavyo.

Wako akupendaye, ingawa si leo,
Kaka yako.