Nilikuwa Namjibia Mama

Dada yangu,

Huku hatujambo. Cherehani ya mama imefungwa mkanda mpya, haipigi tena kelele.

Ulipouliza kwa nini alikatwa kidole cha mguu, nilikwambia mama ni mkaidi, anaruka sindano za sukari. Sikukwambia kwamba kliniki nilikuwa namjibia mimi. Daktari akiuliza, nasema, "Anachoma kila asubuhi," kwa sababu tu nilikuwa namwachia dawa mezani nikienda kazini.

Juzi daktari mgeni aliniomba ninyamaze kidogo, akamgeukia yeye. "Mama, kinachokushinda hasa ni nini?"

Mama akatazama mikono yake. "Nikichoma asubuhi, kufika saa tano natetemeka, siwezi hata kutia uzi. Na nguo za watu zinanisubiri. Jioni ningeweza."

Wakashauriana wawili hao, dozi ikapunguzwa, ikahamishiwa jioni. Hata dakika kumi hazikufika.

Njiani nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikwambia, mwanangu. Mara mbili. Ukasema daktari ndiye anayejua."

Dada, nimejikuna kichwa wee. Sikumbuki hata moja kati ya hizo mara mbili.

Mdogo wako