Vidole vya Baba

Jinja, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Bibi kimetulia na mahindi ya Nakaloke yamepata mvua. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea. Barua hii nimempa mwalimu wetu anayekuja Mbale kesho, maana kuna jambo ambalo hulijui.

Baba alikuambia kwa simu kwamba bado yuko msituni. Mama, yuko hapa Jinja, hospitalini, wiki ya pili sasa. Alisema usiambiwe, lakini nimeshindwa kunyamaza. Ni miguu. Anasema huko mvua haikatiki, na askari wa miguu hulala na buti, kwa kuwa adui hapigi hodi. Siku ishirini hawakuzivua. Moto hawakuwasha, moshi usije ukawataja. Walikoroga unga kwa maji baridi wakanywa. Walipovua buti, ngozi ilitoka pamoja na soksi.

Jana niliruhusiwa kumwona. Nilimkuta daktari akimchoma vidole vya miguu kwa sindano. "Unasikia, Afande?" Baba alitazama ukuta, kimya. Daktari akamwambia nesi kwamba vidole vyote vimekufa, vikatwe Jumatatu. Lakini mimi nilikuwa nimemshika Baba mkono, Mama. Sindano ilipoingia, alinibana mpaka nikaumia.

Daktari alipotoka nikamwuliza, "Baba, si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Mgisu hasemi mbele ya kisu. Siku ya tohara nilisimama bila kupepesa. Leo nilie kwa sindano?"

Askari wa kitanda cha jirani, mtu wa kabila la Teso, akacheka. "Bwana, kisu kile kilikupa uanaume. Hiki kinataka vidole tu. Sema."

Nikakimbia kumwita nesi. Daktari akarudi, akachoma upya, kidole kimoja kimoja.  Mwishowe Baba akasema polepole, "Inauma." Vinane vinauma, Mama. Viwili vya mguu wa kushoto havisikii kitu. Daktari amesema hatakata chochote kwanza; atapima tena Alhamisi.

Nakuomba uje kabla ya siku hiyo. Mbele yangu bado anajikaza, mimi ni mtoto wake. Wewe atakuambia panapouma.

Nisalimie Mjomba fundi baiskeli na mdogo wangu Wekesa. Bibi naye umweleze taratibu alichosema mwanawe, na umwombe asimcheke.

Binti yako akupendaye,
Nambozo