Maji ya Kupozea Kompyuta na Shamba la Mama

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, kwa ndugu, jamaa na wasomaji wangu wote saba, kwamba feni ya kompyuta ya steshenari yangu hapa Kibiti ilifariki dunia Jumatatu asubuhi, baada ya kuugua kelele kwa muda mrefu. Marehemu ameacha kompyuta moja, printa moja na mimi. Mazishi hayatakuwepo. Nimemhifadhi kwenye droo.

Leo Alhamisi. Jua la kabla ya vuli, lile linalokufuata mpaka kivulini. Roho yangu haijatulia, ingawa kufikia saa nane mchana nilikuwa najiona mjanja kuliko wilaya nzima.

Sina cheti cha kompyuta. Nina bisibisi, simu, na tabia ya kuuliza. Jumanne, wakati nasubiri feni nyingine kutoka Dar, niliivua kompyuta kifuniko cha ubavu, nikatundika khanga iliyolowa mbele yake, ncha moja nikaizamisha kwenye ndoo ya maji, kisha nikaweka feni ya mezani ipulize kupitia khanga. Ikapoa. Ikachapa kazi mpaka alasiri. Nikajipongeza kwa chai.

Halafu nikachungulia ndoo. Maji yalikuwa yamepungua vidole vinne, na sakafu kavu kabisa.

Joto halifi, linahama tu. Na likihama kwa mvuke, linaondoka na maji yako.

Jumanne hiyohiyo mama akanipigia simu kutoka kijijini. Anakaa juu, kwenye nchi kavu, na shamba lake liko chini bondeni, kando ya mto. Akaniambia wamepita wageni wawili pamoja na mtendaji wa kijiji, wametumbukiza kidude mtoni kupima joto la maji, wakatembea mpaka shambani kwake. "Watu wazuri, mwanangu. Wana adabu."

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Nimekulia kwenye bonde hili, sijawahi kuona mtu akiupima mto homa kwa nia njema.

Jana mtendaji mwenyewe akaja steshenari. Anataka nakala za fomu, nyingi, na upesi. Nakiri hapa kwa kuwa nyie saba hamsemi: nasoma kila kinachopita kwenye mashine yangu. Barua za posa, za kuachana, matokeo ya vipimo. Kwa hiyo na fomu niliisoma, karatasi ya kwanza ilipotoka tu.

Ilisema kwamba mtia sahihi anathibitisha eneo lake la kando ya mto halitumiki, na anaridhia liingizwe kwenye mradi wa kituo cha kuhifadhia data, kwa ajili ya "miundombinu ya maji ya kupozea".

Halitumiki!

Shamba lile ndilo lililonisomesha mpaka nilipofikia. Mama analima mlao: mafuriko yakishapungua, anapanda mahindi na kunde kwenye tope lililobaki, na unyevu huo unatosha mpaka mavuno. Akishavuna anashuka kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo cha kufukuzia nguruwe, anarudi zake juu, shamba linabaki tupu likingoja mvua. Ndiyo kazi yake kwa miezi hii. Kungoja.

Nikamuuliza mtendaji, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu, hii ya nini.

"Maendeleo, dada. Wewe chapa tu."

Nikachapa. Nakala moja ikabaki chini ya meza. Siombi msamaha.

Usiku nilisoma mpaka simu ikawa ya moto kama kompyuta yangu. Nikaelewa kwamba hivyo vituo ni majumba ya kompyuta maelfu, zote zina homa kama yangu, na kwamba kuzipoza kwa viyoyozi kunakula umeme mwingi mno, ndiyo maana wakakimbilia maji. Sina ugomvi na hilo. Hata mimi nilikimbilia ndoo.

Leo asubuhi nikafunga duka, nikapanda bodaboda mpaka ofisi ya kijiji kwao mama, kwenye mkutano wa kuutambulisha mradi.

Mtaalamu wa mradi alikuwa kijana mpole, buti zake za matope hazijawahi kuona tope. Akaeleza kwamba maji yatapita kwenye mabomba, yachukue joto la kompyuta, yapozwe, yarudi tena. Hayapotei. Na umeme utakaotumika ni kidogo sana.

"Kwa hiyo kompyuta zinaoga?" akauliza Shamte, jirani yetu wa shamba kwa shamba, ambaye hajawahi kukaa mkutanoni dakika tano bila kusema.

"Tunaweza kusema hivyo, mzee."

"Zenyewe zioge kila saa, sie visima vinakauka!"

Watu wakacheka. Mie sikucheka. Nikanyoosha mkono.

Nikamuuliza: hayo maji yakishapata joto, joto linakwenda wapi? Akasema linatolewa nje, kwenye minara, kwa mvuke. Nikamuuliza mvuke huo ni wa maji gani. Akatazama karatasi zake. Nikamwambia basi yanapotea, mwanangu, labda useme yanapotelea juu badala ya chini.

Kijana, haki yake nimpe, hakukasirika. Akasema njia ziko mbili. Ukiyafungia maji ndani yasipotee, unahitaji mafeni makubwa ya kuyapoza, na umeme unapanda. Ukiyaacha yaende na mvuke, umeme unashuka, lakini lazima uongeze maji kila siku.

"Sasa nyie mnatuambia umeme kidogo na maji hayapotei. Mmechagua ipi?"

"Bado linafanyiwa tathmini."

Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Fomu ipo tayari, mabomba yana njia yake, ila namna ya kupoza bado inafanyiwa tathmini.

Akajaribu kurudi kwenye ardhi. Akatuonyesha picha iliyopigwa kutoka juu: bonde letu, mwezi huu, kahawia tupu, hakuna mtu, hakuna mmea. Shamba la mama likiwemo. Akasema kwa upole kwamba, kama tunavyoona, halitumiki.

Shamte akasimama tena. "Sikia, mjomba. Wewe umekuja mchana wa Ramadhani, ukachungulia majikoni, ukaandika watu wa hapa hawali!"

Ofisi ililipuka. Hata mtendaji alificha uso kwa fomu zangu.

Mtaalamu akaomba aelezwe mlao, akaandika, akauliza tena, akaandika. Mwisho akasema picha zitapigwa upya mafuriko yakishapita, na asiyetaka kutia sahihi asitie, hakuna anayelazimishwa. Wanawake waliokaa nyuma wakanipigia vigelegele. Nikajifanya sijavisikia, lakini nilivihesabu: vitatu.

Sijui kama nimewaamini. Kijana namwamini kidogo. Waliomtuma siwajui, na maneno yao mazuri yamepangwa vizuri mno. Nilitoka mle nikiwa na nakala yangu mkononi na hesabu moja kichwani: mradi mama asitie kidole, shamba linabaki nje.

Nikapandisha mpaka kwake. Nikamkuta barazani anasuka ukili. Nikamsalimia, nikakaa kwenye mkeka, nikaanza darasa. Nikamweleza khanga na ndoo. Nikamweleza minara ya mvuke. Nikamsomea fomu neno kwa neno, nikamwonyesha mahali palipoandikwa halitumiki, nikamwambia wakija na karatasi kama hii, mama, hata wakuletee wino wa dhahabu, usiguse.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono ikisuka. Akakubali kila nilichosema. Akasema kweli nina akili, nimefuata upande wa baba yangu.

Kisha akaniambia wale wageni walivua viatu mlangoni. Walimwamkia shikamoo, wakakaa chini kwenye mkeka huuhuu, wakanywa maji ya mtungini. Walipotoa karatasi aliona haya kuwanyima.

Mama alishatia dole gumba tangu Jumanne.