Petroli ya Chemchemini na Kikohozi cha Baba Mkwe

Jumanne jioni, Bulyaga. Mvua imenyesha tangu alfajiri, soksi zangu zinakauka karibu na jiko, na nina furaha ya kijinga kabisa.

Chemchemi yetu ya bondeni imefungwa wiki ya pili sasa. Maji yananuka petroli, akina mama wanapanda mlima na ndoo, na mimi mpima maji ndiye ninayesimamishwa njiani kuulizwa itafunguliwa lini. Juu yake kuna kituo cha mafuta. Enzi za shirika la umma kilikuwa na matangi chini ya ardhi. Shirika lilipouza, mnunuzi akaweka matangi yake, na ramani ya yale ya zamani haionekani popote.

Anayekumbuka ni mmoja tu, baba mkwe wangu, aliyehudumia pampu pale miaka mingi.

Balaa ndilo hilo! Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawasemezani. Nina cheti changu ukutani, lakini mzee akitokea najifunika kanga na kugeuka.

Tukapanga hivi: achomeke vijiti palipofukiwa matangi, kisha ajifiche nyuma ya kibanda cha mlinzi, ndipo mimi na mafundi tutoboe. Mama mkwe awe katikati yetu.

"Mwanangu, mzee anasema tayari," akaniita, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nikaona vijiti vitatu. Tukatoboa pembeni ya kila kimoja kwa keekee ya mkono. Udongo mweusi, safi, hauna harufu yoyote. Mwenye kituo akapiga makofi: "Mama, si nilikuambia? Andika kituo kisafi!"

Nikatoa fomu na kalamu.

Naungama hapa, nilikuwa nimelowa, nimechoka, nataka kumaliza.

Mara kikohozi nyuma ya kibanda. Kikavu, cha makusudi. Nikageuka haraka na kanga yangu. Kikohozi kikanipita, kikatoka nje ya uzio, kikanyamaza. Mama mkwe aliponiambia nitazame, mzee alikuwa anaishia zake kwenye mvua, kichwa wazi. Mwamvuli wake umesimama matopeni, kando ya kijiti cha nne kilichofichwa na majani.

Adabu yangu ilikuwa na haraka mno ya kugeuka. Sikuwahi hata kuuliza vijiti viko vingapi.

Tukatoboa hapo, na hatukufika kina cha mkono. Harufu ikatupiga puani, na mama mkwe akapiga kigelegele kana kwamba tumepata dhahabu. Nikachana fomu. Mwenye kituo akanywea, kisha akasema kesho analeta pampu ya kunyonya hayo mafuta, maana hata mkewe anateka maji hapo bondeni.

Mwamvuli uko mlangoni kwangu. Asubuhi, kabla ya kazi, nitausimamisha kwenye mgomba wa mbele ya nyumba yake, nigeuke, nikohoe mara mbili.

Mzee ataelewa kwamba ni ahsante.