Kirusi kilichoamka tumboni mwa kaka yangu

Kamembe, Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na leo nimelala mchana kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Kaka yangu Anastazi anaishi kwa figo yangu. Nilimpa kule India, miezi saba iliyopita. Alianza kuharisha wiki ile watu wa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, walipovuka mpaka kuja kwetu Rwanda wakikimbia vita. Kituo cha afya kilijaa. Kila aliyeharisha alipewa maji ya chumvi na sukari na dawa ya amiba, akarudi nyumbani. Naye pia.

Siku ya sita hakuweza kusimama.

Nakiri: nilitaka kumwachisha vidonge vya figo. Nilidhani ndivyo vinavyomchoma tumbo.

Tuliporudi kituoni, muuguzi mmoja, Maman Furaha, alisoma daftari lote la matibabu la Anastazi, ukurasa kwa ukurasa, huku foleni ikifika barabarani.

"Uyu mugonjwa haiko kama bale bengine ba kuharisha," aliniambia. "Dawa za figo zinalegeza kinga ya mwili, kusudi figo isikataliwe. Sasa pengine kirusi kimepata nafasi tumboni. Musimuachishe hata kidonge moja. Ngoja niulize munganga wake."

Alipiga simu Kigali mara nne hadi akampata daktari wa figo. Akamtundikia Anastazi maji ya mshipani, akapunguza dawa moja tu, ile aliyotajiwa na daktari. Akachukua damu na kuipeleka mwenyewe kwenye basi la Kigali ikapimwe, kisha akarudi kwa wakimbizi.

Majibu yalikuja: ni kirusi ambacho wengi wetu tunacho tangu utotoni, kimelala tu mwilini. Daktari alisema huenda kilikuja ndani ya figo yangu.

Hilo ndilo lililoniangusha.

Nilimwambia Anastazi nikiangalia sakafu. Alinyoosha mkono kwenye bakuli.

"Dada, bila figo yako ningekuwa kaburini. Nipe uji."

Leo ni siku ya nane ya dawa ya kirusi. Tumbo limetulia tangu juzi, na figo inafanya kazi.

Asubuhi nilikwenda kumshukuru Maman Furaha. Mwenzake akaninong'oneza kwamba mama mzazi wa Furaha naye alivuka siku zile zile, na hadi leo analala chini kwenye ukumbi wa kanisa. Muda wote huo Furaha hakututajia.

Chumba cha nyuma nyumbani kwetu ni kitupu. Kesho, kabla ya kazi, naenda kumchukua yule mama.